Chukudu na Nguzo ya Rusimbi

Jumanne, Buzebazeba

Kigoma nzima hakuna mwenye bahati kama mimi. Leo nimeibamiza nguzo ya umeme kwenye mteremko wa Rusimbi na chukudu yangu, ile ya mbao ya kusukuma kwa mguu, tena ina magunia mawili ya mihogo, na nimeinuka najipangusa vumbi tu.

Mama muuza mahindi akapiga kelele, "We Mkongo, nguzo imekukosea nini?"

"Naipima kama imeshika, mama. Waambie wenye umeme, imeshika!"

Watu wakafa kwa kicheko.

Breki haikuwepo. Ule mpira wa tairi ninaokanyagia gurudumu la nyuma niliukata jana, nikamshonea Bibi Furaha, jirani yetu wa zamani kule Kongo, makatambuga, maana kavuka ziwa juzi, miguu peku. Sijutii. Ila ningekumbuka asubuhi kabla ya kushuka...

Mama Riziki wangu kanitazama nikila. "Baba Riziki, tangu lini ugali unauchota kwa kijiko, tena kwa kushoto?"

"Ndivyo wanavyokula wakubwa wa dunia."

Hakucheka. Anataka niende hospitali. Huko wakiniuliza kibali cha mkimbizi cha kutoka kambini nitawaonyesha nini? Na nikirudishwa, yeye na watoto watabaki na nani? Nikikaa hivi hivi nako, magunia ya bandarini nitayabeba kwa meno?

Basi. Ile bahati ya hapo juu ni uongo. Mkono wa kulia umevimba, vidole havikunji. Yote haya nimeyaandika kwa kushoto.