Nilichokiona Upande wa Kushoto wa Jukwaa

S.L.P. 40,
Kilosa.
21 Julai, 1974

Mpendwa dada Verdiana,

Shikamoo dada. Habari za Moshi na baridi yake? Shemeji Petro hajambo, na watoto je? Barua yako ya mwezi wa tano niliipata. Umeandika kwamba hujambo, lakini mistari ya mwisho mwandiko umelegea, nikajua kuna ugonjwa unanificha. Kama si ugonjwa basi ni uchovu wa zamu za usiku. Niambie kweli, dada, maana unajua nikikosa habari najitungia mwenyewe.

Sisi huku kijijini Ulaya tu wazima. Mama bado anakwenda gulioni kwa miguu yake, ingawa asubuhi kifua kinambana na dawa hataki kusikia. Mahindi ya shamba la ujamaa tumevuna. Mvua ilitupunja, lakini hatutalala njaa.

Sasa nikueleze habari ya mchezo wetu wa Sabasaba. Nilikwambia kwamba mwaka jana nilipelekwa Morogoro kwenye semina ya walimu kuhusu maigizo. Huko nilijifunza jukwaa ambalo halikai ukutani kama madhabahu. Linachomoza katikati ya watu, nao wanakaa pande tatu. Niliporudi tukalijenga mbele ya mlango wa ghala la pamba, kwa mbao na mataruma ya zamani ya reli, urefu wa kiuno cha mtu. Watu wakalipa jina siku hiyohiyo: Ulimi.

Dada, Ulimi una raha yake. Watu wanakaa kama kwenye ngoma, kicheko kinakujia kutoka kushoto na kulia, na ukisema neno la uchungu unamwona mama wa mstari wa mbele akifuta macho kwa upindo wa khanga. Lakini una taabu pia. Hakuna pazia, hakuna pa kujificha, na ukimgeukia mmoja umempa mwingine mgongo. Watoto wanawashika waigizaji miguu. Bibi Domina, shangazi wa jirani yetu, siku moja alipanda na kata ya maji akampa mwigizaji aliyesema ana kiu, kisha akasubiri arudishiwe kata yake.

Mchezo niliuandika mimi. Ni habari ya mume anayemkataza mkewe kwenda kisomo cha watu wazima, kwa sababu haamini kwamba huko anafuata kusoma. Mke aliigiza Paulina, mke wangu, kwa kuwa sauti yake inafika mbali. Mume aliigiza Samweli fundi cherehani, ambaye baba yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge Kimamba. Samweli ni Mnyamwezi na sisi Wasagara, kwa hiyo ni mtani wetu, na utani wake hauna likizo. Akikutana nami njiani, hata mbele ya wanafunzi wangu, anasema, "Mwalimu, huyo mke wangu nilikuazima tu. Ukishindwa kumlisha, mrudishe!" Watu wanacheka, nami nacheka. Ungefanyaje? Mtani akikutania ukanuna, aibu ni yako.

Lakini mimi nilianza kusikiliza utani ule kwa sikio jingine. Kila siku kabla ya kwenda shambani Paulina alikuwa anapitia kwa Samweli. Alisema mwenyewe kwamba anamsaidia kazi ndogondogo, tangu mkewe alipofariki. Kazi zipi? Sikumwuliza. Kisha Samweli akanishonea shati la sikukuu na mfuko ameuweka upande, unatazama kwapani. Fundi aliyeshona miaka ishirini! Nikajiambia huyu ananidharau, ameniwekea alama kifuani kijiji kizima kinicheke.

Mwezi wa sita, kwenye mazoezi, nilihama kiti changu cha mbele nikaenda kukaa upande wa kushoto, nisikie kama sauti inafika. Hapo ndipo nilipoona. Kwa mtu wa mbele walikuwa wamesimama mume na mke wanagombana, kila mtu na hasira yake. Kwa mtu wa kushoto, mkono wa Paulina ulikuwa nyuma ya Samweli umeshika shati lake kiunoni. Samweli akisogea, na mkono unasogea. Karibu na ukingo mkono ule ukamvuta polepole, naye akatulia kama aliyezoea.

Siku iliyofuata nilikaa kulia, kisha kushoto tena, nikawa mlinzi badala ya mwalimu. Kila siku mkono ulikuwa palepale. Dada, nilikuwa sili vizuri. Mtu aliye mtani wako huwezi kumshitaki kwa mzee yeyote, utachekwa hadi uhame kijiji. Na Paulina niliogopa kumwuliza, kwa sababu niliogopa atajibu.

Basi nikatumia nguvu niliyokuwa nayo. Nikaubadilisha mchezo. Nikaagiza kwamba tangu tukio la pili Paulina asimame mlangoni pa ghala, na Samweli aende peke yake hadi ncha ya Ulimi aseme maneno yake huko. Samweli aliniomba. "Mwalimu, mwache mama awe karibu nami, mchezo utapoa." Paulina naye tulipofika nyumbani alitoa ombi hilohilo, tena kwa ukali. Nikaona wamepanga. Kadiri walivyoomba ndivyo nilivyokaza.

Tulifanya mazoezi mawili ya namna hiyo, uwanja mtupu, na Samweli alikwenda hadi ncha akarudi bila shida. Niliona midomo yake inachezacheza akitembea, nikadhani anasema maneno yake ya mchezo.

Sabasaba ikafika. Saa tisa mchana uwanja ulijaa, wageni wa wilaya mbele, watu wa Msowero na jamaa wengine wametujia kwa baiskeli. Samweli alitoka mlangoni, akaanza safari yake. Katikati ya Ulimi, Bibi Domina akapaza sauti kutoka kushoto, "Wewe Mnyamwezi, mke huyo utamweza wapi, hata meno yako ni ya kupanga!" Mtani ameitwa, lazima ajibu. Samweli akageuka, akamjibu Bibi kwa maneno yaliyowavunja watu mbavu pande zote tatu. Kisha akageuka tena kuendelea na mchezo, akapiga hatua tatu akitazama jua, na ya nne haikukuta ubao.

Watu walicheka, dada. Walidhani ndivyo mchezo ulivyo. Nami sikwenda kumwinua. Nilisimama pale nikafikiri amefanya makusudi kuniharibia mbele ya wageni. Paulina ndiye aliyeruka kutoka jukwaani na kumshika kichwa, na hata hapo mimi nilikuwa naangalia mikono yake.

Paja lilikuwa limevunjika. Lori la pamba likampeleka Kilosa. Jioni Paulina alinikalisha chini akaniambia yote, bila kulia. Samweli haoni, amebakiwa na mwanga na vivuli tu. Kila asubuhi Paulina alikuwa anakwenda kumtilia uzi kwenye sindano thelathini, azichomeke kwenye kitambaa zimtoshe kutwa. Samweli alimwapisha asimwambie mtu, maana kijiji kikijua cherehani ya ujamaa itapewa fundi mwingine, na hana kazi nyingine. Jukwaani Paulina alimshika ili asianguke. Nilipomtenga, Samweli akawa anahesabu hatua kutoka mlangoni, na Bibi Domina alipomwita hesabu ikampotea. Kisha Paulina akasema, "Ungeniuliza, ningevunja kiapo. Hukuniuliza hata mara moja."

Daktari wa Kilosa amemmulika akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba kwenye hospitali kubwa wanaweza kumtoa. Ndiyo sababu ya barua hii. Nakuomba, dada, kwa kuwa u muuguzi huko, umwone daktari wa macho, uniandikie siku ya kumleta paja likishapona. Nitamleta mwenyewe.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona. Amelazwa chali, mguu umening'inizwa. Aliposikia sauti yangu alinishika mkono akasema, "Mwalimu, nimekuharibia mchezo wako. Nilizubaa. Nisamehe." Alidhani nilimtenga na Paulina kwa ajili ya uzuri wa mchezo. Na mimi, dada, huyu ndugu yako, nikamwambia nimemsamehe. Tangu siku hiyo nikikumbuka maneno yale najisikia kama mwizi aliyeshukuriwa. Kesho napanda lori la asubuhi niende nikamwambie kwa nini alikuwa peke yake ncha ya jukwaa. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisiweze kurudi nyuma.

Mama anakusalimu sana, anasema shuka ulilomletea bado jipya. Bibi Domina anasalimu, ila siku hizi haongei, anaona kosa ni lake, na huyo naye kesho nikirudi ni lazima nimwambie. Nisalimie shemeji Petro, na Magreti na Katarina waambie mjomba anawakumbuka. Mungu awafunike kwa mkono wake, na kazi ya mikono yako iwe na baraka.

Paulina nilimpa kalamu aweke salamu zake hapa chini. Amenirudishia. Amesema atakuandikia nikisharudi kutoka Kilosa.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Lukasi