Swichi ya Fundi Miwani

Jumamosi, 4 Machi

Fundi Miwani, yule wa kompyuta, amekuja. Kaletwa na wifi. Dada wa marehemu mume wangu, tangu lini akanihurumia?

Kompyuta yenyewe ya kale, ya kuchomeka kwenye televisheni. Marehemu alituandikia humo kitabu cha maisha yetu, kiko kwenye diski moja. Nimesoma sura zote ila ya mwisho. Ni ndefu, aliiandikia kazini kwenye mashine kubwa; hii yetu inagoma: memori haitoshi. Ndiyo maana fundi ameweka kadi ya kuongeza memori.

Nilipotoka jikoni nimemkuta anachomeka diski yake. Ati anatoa nakala, tahadhari tu. Nimemwambia aifute mbele ya macho yangu. Kaifuta bila kubisha, na hilo nalo limenitia shaka.

Kaacha onyo: swichi ndogo ubavuni mwa kadi isiguswe. Diski humwaga maneno yenyewe moja kwa moja kwenye memori, lakini haifikii ile mpya. Lazima yapite kwenye ya zamani kwanza, ndipo yahamishwe, na swichi ndiyo inayoyapitisha huko. Itachukua muda, nivumilie. Maelezo marefu hivyo! Ana lake jambo.

Jumapili, 5 Machi

Nimefungua sura ya mwisho. Taa ya diski inawaka, inazima. Nusu saa, skrini tupu. Kaniwekea kadi mbovu, huyo!

Nikazima, nikaisukuma swichi upande wa pili, nikawasha. Papo hapo — maneno!

"Mke wangu, nianze na jambo ambalo dada yangu amenikataza kukwambia."

Baada ya hapo, takataka. Herufi zimevurugika ukurasa baada ya ukurasa. Nilipotaka kufunga, mashine ikauliza: nihifadhi? Niliogopa kupoteza hata ule mstari mmoja. Nikabonyeza ndiyo.

Jumanne, 7 Machi

Nimempigia fundi, nimemwita mwizi. Kaniacha nimalize, kisha akauliza kama niligusa swichi. Nikakiri, na kwamba nilihifadhi.

Akasema kwa upole: "Mama, kufungua tu kusingeharibu diski. Kuhifadhi yaliyovurugika ndiko kumefuta maandishi ya awali." Niirudishe swichi mahali pake. Nakala nyingine anayo wifi, marehemu alimwachia. Ndiyo yeye fundi aliyoijaribia kadi kabla ya kuja kwangu.

Anayo! Miezi minane tangu msiba ananipa pole huku anayo.

Nimelia. Kisha nimekasirika, na hasira ina nafuu.

Alhamisi, 9 Machi

Wifi amekuja na diski kwenye mkoba. Hakuikabidhi. Anasema tusome pamoja, kuna mambo yanataka mtu wa kukaa naye. Nikamuuliza ni mambo gani. Akatazama dirishani.

Nimeingia chumbani kutafuta miwani yangu, nikaona bora niandike kwanza, nisije nikasahau alivyogeuza uso. Simwamini. Lakini macho yake yalikuwa mekundu kabla hajakaa.

Nasikia televisheni imewashwa. Diski inazunguka. Hakunisubiri.

Imefunguka haraka mno.

Swichi! Sikuirudisha. Tangu Jumanne nimekasirika tu, sikuigusa tena.

Anasema kutoka sebuleni kwamba maandishi yamevurugika, anafunga aanze upya. Sasa ananiita:

"Wifi, inauliza nihifadhi. Nibonyeze ndiyo?"

Nakala ya mwisho hiyo! Sauti yake imetulia sana. Anauliza kwa kutojua, au anataka sura hiyo ifutike—