Dkt. Atabo Ekeno na Chupa Thelathini na Moja

Kwa heshima kuu, taadhima na huzuni isiyopimika, familia ya marehemu Daktari Atabo Ekeno, mwanakemia wa maji, inautangazia umma wa Lodwar, Kakuma na kando zote za Ziwa Turkana kwamba mwaka mzima umekatika tangu nuru hii adhimu ilipozimika.

Ungekuwa hapa, Shangazi, ungeikatiza sentensi hiyo katikati. "Isiyopimika? Nani alijaribu kuipima, na kwa kifaa gani?"

Basi tunaanza upya. Ni mwaka mmoja, na hakuna aliyekalia kiti chako karibu na mlango, ingawa wewe mwenyewe hukuwahi kukikalia kwa dakika kumi.

Tangazo hili limeanzwa mara sita. Aliyepewa kuliandika ni Akai, binti wa ndugu yako Ekuru, kwa sababu anasifiwa kwa insha huko shule ya bweni Kitale, na kwa sababu hakukuwa na mwingine aliye likizo. Litabandikwa kwenye ubao wa maabara yako hapa Lodwar, na kwenye shule ya Kakuma anakofundisha Mwalimu Nyakuoth, aliyekuwa msaidizi wako wa utafiti. Mwalimu ameomba nafasi ya shahada ya uzamili. Chuo kinataka kujua, kabla ya mwezi kwisha, kwa nini faili lake lina neno "mzembe". Kwa hiyo mtu anakukumbuka huku anatazama kalenda.

Hukutulia. Asubuhi uko Kerio, jioni uko Kakuma, na sanduku la sampuli limefungwa nyuma ya pikipiki kwa vipande vya tyubu. Ulipima floraidi kwenye maji ya visima, ile inayotia watoto meno ya kahawia. Mama yako alikukuta siku moja kwenye karai, mikono imejaa povu.

"Miaka yote hiyo ya shule," alisema, "na bado unaosha chupa?"

"Mama, nisipoziosha vizuri nitapima sabuni, halafu niwaambie watu ni kisima."

"Kwani hakuna msichana wa kuosha?"

"Ndiye mimi."

Wanafunzi wa Kakuma walipenda kukuuliza habari za kazi. Bior, ambaye sasa yuko kidato cha nne, alitaka kujua mtafiti hupanda mpaka cheo gani.

"Ukitaka cheo nenda jeshini," ulimjibu. "Mimi huajiriwa kwa miezi minane, na kisima hubadilika kwa miaka minane. Mradi ukianza kuonyesha kitu, unafungwa. Nimefungiwa mara nne. Ukitaka swali linalokuwasha kama upele, njoo Jumamosi, na uje na kofia."

Bior alikuja na kofia. Mpaka leo anajikuna.

Ulichukia watafiti wanaoshuka na ndege, wanaochota maji Lowarengak asubuhi na kuondoka jioni, kisha majina yao yanatangulia kwenye makala. Kwenye makala yako ya mwisho uliweka jina la Nyakuoth kwanza. "Yeye ndiye aliyesimama juani," ulisema, na mjadala ukaisha.

Sokoni ulikuwa hatari kwa biashara. Suldan, anayeuza vipuri vya magari, alikuwa akipimia wateja asidi ya betri kwenye chupa za soda.

"Suldan, mtoto akiona chupa ya soda huona soda."

"Daktari, wateja wangu ni watu wazima, walahi."

"Wana watoto?"

"Wanao."

"Wanasoma mawazo ya baba zao?"

Siku hizi mtu akija na chupa ya soda, Suldan humfukuza, kisha hutazama barabarani kana kwamba pikipiki yako itatokea.

Kompyuta uliiita karani mtiifu kupita kiasi: ukimpa uongo, anauandika kwa mwandiko safi na kuupigia jumla. Kila namba ilikaa kwenye daftari kwanza. Akai alipoitega kompyuta yako ikuamkie "Ejok, Daktari, umekosea tena" kila ulipofungua jedwali la vipimo, nyumba nzima ilingoja radi. Ulifungua programu, ukaisoma yote, ukamwita.

"Umeandika mistari kumi na saba. Minne ingetosha. Irekebishe, halafu hiyo salamu iache."

Salamu bado ipo.

Sasa tuje kwenye ile chupa. Asubuhi moja Nyakuoth alitoa kwenye rafu chupa yenye lebo ya asidi ya nitriki. Alipoifungua hakuona moshi wala kusikia harufu ya kuchoma pua. Alichovya karatasi ya litmasi, nayo haikubadilika rangi. Akakuita. Ulisimama mbele ya rafu, mikono nyuma.

"Lebo moja imedanganya," ulisema. "Nitajuaje kama hizi nyingine ni za kweli?"

"Tuzipime moja moja, Daktari."

"Kwa kemikali zipi? Tungepimia hizi hizi."

Chupa thelathini na moja zilifungwa kwenye mchanga na kurudishwa Nairobi kuharibiwa. Maabara ilifungwa miezi minne, na sampuli za kiangazi chote zikaharibika. Ofisi ya mradi iliandika kwamba ufunguo wa stoo ulikuwa kwa Nyakuoth, kwa hiyo mzembe ni Nyakuoth, na mkataba wake haukuendelea. Uliandika barua mbili kumtetea. Ya tatu uliiacha kwenye aya ya pili, ulipougua.

Familia inasikitika kwamba mtu asiyejulikana, mwenye ucheshi wa kitoto, aliichukua chupa tupu, akaijaza maji ya Eliye na kuisahau kwenye rafu ya chini.

Hapo ndipo ndugu yako Ekuru alipoomba kusoma tangazo limefika wapi. Alisoma amesimama, kama wewe. Alipofika mwisho alirudi aya moja nyuma.

"Akai, ripoti ya ofisi ilisema maji tu. Hii Eliye umeitoa wapi?"

"Ni kupamba lugha, Baba. Mwalimu wetu wa insha hapendi mahali pasipo na jina."

"Na rafu ya chini?"

"Kupamba pia."

"Na huyu Akai, mbona unamwandika kama mtoto wa jirani?"

Akai alisema huo ni mtindo.

"Nani aliijaza ile chupa?"

"Mimi."

Niliomba karatasi mpya nianze mara ya saba. Baba alikataa. Alisema wewe hukufuta kitu kwenye daftari: ulikata mstari mmoja, ukaweka tarehe na sahihi, na kosa likabaki linasomeka chini yake. Kwa hiyo hayo ya juu yanabaki. Palipoandikwa "mtu asiyejulikana" pakatwe mstari mmoja, na pasomwe Akai Ekuru.

Ilikuwa likizo ya Aprili. Jumapili tulikwenda Eliye, nikarudi na mtungi wa maji ya chemchemi. Binamu zangu wa Kerio walikuwa waje kesho yake, nami nilitaka wanione nikinywa asidi, nikijipangusa mdomo na kuomba nyingine. Ulipokuwa ukioga nilichukua funguo zako za akiba za stoo kwenye mkoba wako. Chupa ilikuwa tupu, ikingoja kuoshwa. Niliisuuza mara tatu kama ulivyonifundisha, nikajaza. Kisha nikakusikia ukiniita nje nibebe makreti. Niliisukuma kwenye rafu ya chini, kati ya nyingine, nikafunga mlango. Binamu hawakuja. Siku iliyofuata nikarudi shule.

Sitasema nilisahau. Niliikumbuka Jumatano, katikati ya somo la hesabu. Nilijiambia ni maji tu.

Mwezi wa nane uliniuliza. Ulikuwa ukichonga penseli, na hukuinua macho.

"Akai, kuna kitu unakijua kuhusu ile chupa?"

"Hapana, Shangazi." Nilivaa uso wa kanisani, ule ninaomwekea matroni wetu.

"Sawa. Najua ungeniambia."

Wiki mbili baadaye ulilazwa.

Baba alimpigia Mwalimu Nyakuoth, akaweka simu mezani ikiwa na sauti ya juu, akatoka nje.

"Ejok, Mwalimu. Ni Akai."

"Ejok, binti Ekuru. Tangazo limekwisha?"

"Bado. Mwalimu, ile chupa niliijaza mimi."

Nilisikia viti vikiburutwa darasani kwake.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Unajua nilifunga chupa ngapi kwenye mchanga?"

"Thelathini na moja."

"Na kila moja nikaiandika 'haijulikani'. Hata zile nilizozipokea mwenyewe zikiwa na muhuri. Daktari alikaa pembeni yangu siku nzima akinipa kalamu. Ulijua hilo?"

"Sikujua."

"Sasa unajua."

"Mwalimu, naomba..."

"Usiniombe kitu kwenye simu, nina darasa. Liandike. Jina lako lote na sahihi. Moja lipeleke ofisini, moja chuoni, na moja niletee mwenyewe Jumatatu. Nitalibandika, na wanafunzi watakaouliza Akai ni nani, utakuwa umesimama hapo uwajibu."

"Bior atanicheka."

"Bior alibeba yale masanduku ya chupa na mchanga," alisema, akakata simu.

Nimenakili haya mara tatu kwa mkono. Sijui kama chuo kitasubiri, wala kama ofisi hufuta neno ikishaliandika. Baba amesema tutakaa mlangoni kwao mpaka wajibu. Nimetafuta mzaha wa kufungia na sikuupata.

Wanaokukumbuka ni mama yako, aliyesomewa haya yote na kuomba asomewe tena, ndugu yako Ekuru na mkewe, Suldan wa vipuri, Bior, na Mwalimu Nyakuoth, aliyetaka iandikwe kwamba jina lake limo kama mfanyakazi mwenzako, wala hajasema amesamehe. Na mimi mpwa wako, Akai Ekuru, kidato cha tatu, niliyekujibu hapana.

Siku zote tutakukumbuka, Shangazi. Jibu lilikuwa ndiyo.