Watoto Waliozaliwa Baada ya Magharibi

Baba,

Sisi hapa Nyamirambo tuko wazima. Mama anakula sasa, ila bado anakumiminia chai kwenye kikombe chako, halafu anainywa mwenyewe.

Pale zahanati wamenipa meza yako. Meza, kompyuta, na balaa lake! Mvua iliingia stoo ikaozesha madaftari ya uzazi, na shule zinadai tarehe za watoto. Zimebaki ndani ya mashine tu. Nafungua, nakuta namba tupu badala ya tarehe: 42521, 42522. Jamani Baba, ungeshindwa nini kuniachia hata kikaratasi?

Nikamtafuta mdogo wangu Rashidi, aliyezaliwa pale mchana kweupe, maana siku yake naijua. Aliyezaliwa kesho yake kamzidi moja. Kumbe mashine inahesabu siku mfululizo, tangu mwanzo wa mwaka 1900. Nikakaa na penseli na kalenda wiki nzima, nikaandika vyeti.

Ndipo akaja Mama Zaituni wa Biryogo, kajifunga kanga kiunoni. "Yewe, mimi nilizaa Alhamisi, nyie mnaniandikia Ijumaa! Kwani mlikuwepo?" Wakaja na wengine, lalamiko lilelile. Daktari akasema kazi yako ilikuwa ovyo, tufute yote. Niliumia, Baba. Watoto wangebaki bila tarehe, na jina lako lingechafuka. Nikaomba siku mbili.

Nikatazama zile saa ulizoandika pembeni. Wote waliolalamikiwa walizaliwa saa moja, saa mbili usiku. Nikacheka peke yangu, kisha nikalia. Kwako wewe jua likizama, siku imekwisha. Alhamisi, magharibi ikiingia, ulikuwa unatuambia, "Sasa ni usiku wa Ijumaa, zimeni redio." Na mashine nayo ukaifundisha hivyohivyo, bila kumwambia mtu! Nikawarudisha siku moja nyuma wale wa jioni tu. Mama Zaituni karidhika, na daktari kaniambia niendelee na orodha yako.

Basi, nakuaga. Hospitali wameandika kwamba ulifariki Alhamisi, saa moja na nusu usiku. Mimi nimekuandika kwenye daftari letu la nyumbani: Ijumaa. Hiyo nakuahidi, Baba, hairudishwi nyuma, aje nani.

Binti yako,
Mwajuma