Kibali cha Tangawizi

Suji, 12 Machi 2025

Mwanangu Irine,

Unisamehe kwa kukaa miezi minane bila kukuandikia. Tangawizi imestawi, na paa la jikoni limezibwa.

Jana alikuja Jenifer, bibi shamba wetu, akiwa na simu yake. "Shikamoo, Mwalimu. Kibali cha kusafirisha tangawizi siku hizi hakikupeleki Same. Tunaomba hapa hapa, wewe kunywa chai yako." Kabla chai haijapoa, kibali kilitoka kwa jina la mama yako, maana shamba bado limeandikishwa kwake. Jenifer alidhani ninalia kwa furaha.

Msibani nilikuficha jambo. Siku aliyofariki, mama yako alikuwa amesharudi kutoka Same na fomu ya kibali iliyogongwa mhuri. Niliona tarehe imekosewa, nikamrudisha, ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Aliniuliza, "Baba Irine, si wataipokea hivi hivi?" Nikamjibu kwamba kosa ni kosa. Aliteleza kwenye mteremko, hakuinuka tena.

Jenifer anataka tufute jina la mama yako, tuandike langu. Anasema ni kubonyeza mara moja tu. Sijaweza. Nitakapoamua, utapata barua yangu.

Baba yako,
Lukasi