Muujiza wa Mguu Wangu

Chumba cha nyuma, kwenye kibanda cha kinyozi,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko ughaibuni? Mafua yamekuachia? Sisi wazima. Mama macho yanamsumbua, ulimi bado mzima. Mimi ndiye kinyozi bora mtaani, tuko wawili.

Mdogo wangu, sina raha. Kanisa linachunguza kama marehemu Dada Mkubwa wetu, aliyefua mashuka ya wagonjwa miaka thelathini bila kununa, atangazwe mtakatifu. Mama analia kwa furaha. Padre mchunguzi amekuja na daktari na kinasa sauti.

Alinieleza mambo yenyewe, nami niliyenyoa manahodha wa bandari saba nikajifanya nayajua. Kumbe zamani hapakuwa na mafaili: watu walikusanyika kwenye makaburi ya waliouawa kwa ajili ya imani, wakawaita watakatifu. Hadithi zilipozidi chumvi, Papa akaichukua kazi hiyo. Na kumtangaza mtu si kumpa utakatifu, ni kukiri kwamba tayari yuko kwa Mungu. Ndiyo maana wanatafuta muujiza ambao daktari hawezi kuueleza.

Muujiza wenyewe ni mguu wangu.

Unakikumbuka kile kidonda, na vidonge ulivyonitumia? Nilivimeza vyote kimyakimya. Kaburini kwa Dada pia niliomba, kweli, mara moja. Ila kilipokauka, nikawaambia wateja Dada kanigusa, nikapona palepale. Nikaongeza mwanga. Nikaongeza na harufu ya sabuni. Unanijua.

Watu wakaanza kumiminika kaburini. Sasa jirani yangu fundi viatu ameacha sindano zake za kisukari. Jana nilimsihi arudi kliniki, akanicheka: "We kinyozi, umeshapona unataka kunifungia mlango? Na mimi nangoja zamu yangu!" Kidole chake cha mguu kimeanza kuwa cheusi.

Leo nimepekua boksi la nyembe. Pakiti tupu ya dawa ipo, na mwandiko wako juu: "Kutwa mara tatu, na upunguze mdomo." Nikishafunga barua hii naipeleka pakiti hiyo kwa fundi viatu, nimkokote hadi hospitali. Kisha kwa padre, kabla sijaapishwa kutoa ushahidi. Kama Dada ni mtakatifu, ni kwa yale mashuka, si kwa mguu wangu. Hakuwahi kunikubalia uongo hata mmoja. Nikiapa uongo juu yake atafufuka anizabe kofi, na huo ndio utakuwa muujiza.

Kwa Mama nisaidie, mwandikie wewe ukweli huu. Wewe anakukasirikia kwa adabu.

Msalimie shemeji, na wajomba zangu wadogo wote wawili. Mungu awafunike.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, mguu mzima, moyo unachechemea.