Mafuta ya Kopo Hayagandi kwa Binti Yangu

Mpendwa dada mshauri,

Salamu nyingi zikufikie hapo unapokaa kusoma mambo yetu, mimi sijambo, baba watoto hajambo ila goti la kushoto linamsumbua asubuhi, kijana wangu mkubwa fundi viatu hajambo, mke wake hajambo amekaribia kujifungua, pacha wao hawajambo wanagombania kijiko hapa hapa mezani ndiyo maana mwandiko umeruka, shangazi yangu hajambo ila masikio yamegoma, kitindamimba wangu hajambo ameniazima kalamu na anaitaka kabla ya saa nane, na ng'ombe naye hajambo. Asiyekuwa sawa ni mimi huyu niliyeanza kusema sijambo.

Dada, naomba unisaidie, na unisamehe nikikosea maana shule niliiachia darasa la tatu. Sisi tunakaa juu, kwenye baridi ya sweta mbili, na kupanda nilifundishwa na marehemu mama yangu, naye hakutumia kalenda, alitumia kopo la mafuta ya mgando lililokaa dirishani jikoni. Kwenye baridi mafuta yale huwa magumu mpaka uchimbe kwa kucha, na siku kidole kikizama chenyewe bila kusukuma basi baridi imekwisha, sia nyanya. Hivyo tu. Miaka thelathini kopo halijanidanganya, majirani wananiita Mama Kopo, wakiniona natoa jembe na wao wanatoa.

Sasa binti yangu ameolewa huko chini kwenye joto, mtu anatoka jasho amekaa tu, na mama mkwe wake akampa kipande nyuma ya bafu, upana wa vitanda vitatu, akamwambia hiki ni chako mwanangu, tuone mkono wako. Binti akafurahi akanipigia, "Mama, nisie lini?" Nikamwambia tia kidole kwenye kopo lako la mafuta. "Kimezama mama, mpaka kwenye kifundo!" Nikamwambia basi sia leo leo, unangoja nini?

Akasia. Miche ikatoka vizuri, akaihamisha, ikaweka maua, halafu maua yakadondoka yote, anasema chini kulikuwa njano tupu. Nikamwambia jaribu tena, kopo likasema vile vile na maua yakafanya vile vile, na kabichi nilizompa zikatoa majani kama masikio ya ng'ombe lakini hazikufunga hata moja.

Hapa ndipo ninapoona aibu kuandika. Mara hiyo ya pili alinipigia analia, "Mama, yamepukutika tena," na mimi badala ya kumbembeleza nikaona kama mama yangu ndiye anayeitwa mwongo kaburini, nikapandisha sauti, nikasema, "Wewe tangu utoto mvivu wa kumwagilia! Kopo halina kosa, mikono yako ndiyo ina kosa!" Kumbe simu ilikuwa kwenye spika, walikuwa wanachambua mboga yeye na mama mkwe wake. Nikasikia mtu mzima anakohoa, kisha yule mama akasema polepole, "Mama mwenzangu, mtoto anamwagilia asubuhi na jioni, namwona kwa macho yangu." Dada, nilikata simu. Baadaye nikasema chaji iliisha, na chaji ilikuwepo.

Wiki iliyopita binti amepiga tena, sauti ndogo kama mgeni mlangoni. Anasema mama mkwe amechoka kuona kipande kimekaa bure, mara hii ni ya mwisho, ikishindikana atajenga banda la kuku pale. Halafu akauliza, "Mama, nisie lini?" Baada ya yote yale bado ananiuliza mimi! Nikamwambia nitakupigia. Leo siku ya nane sijapiga. Nimetia kidole kwenye kopo mpaka kopo limechoka. Nilimuuliza shangazi kwa sauti ya juu habari za nyanya za nchi ya joto, akasema, "Nyama? Nani kaleta nyama?" Nikaacha.

Ukweli ni kwamba sijui, na mimi sijawahi kumwambia mtoto wangu yeyote kwamba sijui, naogopa siku nikisema hivyo hataniuliza tena kitu. Kwa hiyo nakuomba dada, nitajie mwezi, mwezi tu, nimpe kama vile nilikuwa nao mwenyewe siku zote. Nijibu upesi, tafadhali, mbegu nimeshazifunga kwenye kitambaa na simu ikilia nakimbilia kwa ng'ombe.

Ni mimi, Mama Kopo

MSHAURI ANAJIBU

Mama Kopo, salamu zimefika zote, mpe pole baba goti na umrudishie mtoto kalamu yake.

Mwezi sikutajii. Siujui. Umeona? Nimesema siujui, na paa la ofisi halijaniangukia.

Kopo la mama yako si mwongo, lakini linajua kitu kimoja tu, kwamba baridi imeondoka. Huko kwako adui wa nyanya ni baridi, ndiyo maana mnasubiri iishe. Kwa binti yako adui ni joto. Nimemuuliza bwana shamba tunayefanya naye kazi, akaniambia ua la nyanya likikutana na joto kali mchana na usiku halishiki tunda, linadondoka, hata ulimwagilie pipa zima. Kwa hiyo binti yako hakushindwa, alikutii. Kila ulipomwambia sia, ulikuwa unamtuma kwenye joto.

Yeye anatakiwa kupanda ili maua yafunguke katika miezi ya ubaridi wa huko, hata kama kwako ubaridi huo ni kiangazi cha kuvua sweta. Kila mahali pana mwezi ambao watu huanza kuvuta shuka wakilala. Maua yawepo mwezi huo. Kutoka kusia mpaka maua ni kama miezi miwili, miwili na nusu, basi ahesabu kurudi nyuma na asie hapo, si kabla. Kama ni mbali bado, asiache kipande wazi kikaitwa banda. Aweke mchicha na bamia, hizo joto linazipenda. Kabichi aziache mpaka ajue kama kuna mtu huko zimewahi kumfungia. Na mbegu zako zimezoea baridi, mpelekee chache za mapenzi, nyingine atafute za huko huko.

Sasa nani anaujua mwezi wa shuka? Si mimi, wala kopo. Anaujua yule mama aliyekohoa. Unajiuliza mbona hakusema? Aseme saa ngapi, na wewe unatoa amri kwa simu na binti anajibu mama yangu anajua? Tena soma vizuri ulichoniandikia mwenyewe. Siku unampiga mtoto wako kwa maneno, ni yeye aliyesimama mbele yake. Mkwe wa namna hiyo wengine wanamtafuta kwa tochi, wewe unamkatia simu na kusingizia chaji.

Unaogopa hutaulizwa tena. Mama, umekosea mara mbili, umemwita mvivu, umejificha siku nane, na bado anakuuliza. Hakuulizi kwa sababu ya kopo. Anapenda kukuuliza, basi. Kitakachomchosha ni huko kukimbilia kwa ng'ombe.

Piga leo, kabla kitambaa cha mbegu hujakifungua tena. Usianze na salamu ndefu kama ulizonipa mimi, ujasiri utakuishia kabla hujafika kwa shangazi. Sema, "Mwanangu, hukuwa mvivu, nilikosea mimi, na mwezi wa huko siujui." Halafu muulize mama mwenzako shuka huwa wanaanza kuvuta lini, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Na kabla hujasema neno lolote kati ya hayo, mwambie binti yako aweke simu kwenye spika.